Nilipopeleka santuri za baba kwa fundi wa Kamalondo

Santuri tisa za marehemu baba zilikaa juu ya kabati langu, huku Katuba, Lubumbashi, tangu tulipomzika mwaka 2016. Saba ni zile nzito za mizunguko 78 kwa dakika, ukiangusha moja imekwenda kama sahani ya udongo. Mbili ni LP, zile za mizunguko 33, ziko ndani ya jalada moja. Zote ni muziki wa bendi kubwa za Marekani za miaka ya 1930 na 1940, na karibu zote anayesimama mbele ni mpiga klarineti. Baba hakutafuta kitu kingine. Mchana alikuwa fundi wa kuchomelea kwenye kiwanda cha shaba, jioni alipiga klarineti katika fanfari, bendi ya matarumbeta ya parokia, na klarineti hiyohiyo ndiyo ninayoipiga mimi leo kila Jumapili, baada ya wiki nzima ya kufundisha hesabu.

Gramafoni yake ilikufa kabla yake. Kwa hiyo kwa miaka mingi nilikuwa na muziki nisioweza kuusikia. Mwaka huu nimeuhamishia wote kwenye flashi, isipokuwa santuri moja nitakayoieleza, na naandika kwa ajili ya wenzangu wa Lubumbashi wenye mali kama hiyo nyumbani. Kuna mzee mmoja Kamalondo anayeijua kazi hii. Mpelekeeni yeye.

Nianze na pale nilipokosea. Nilizipeleka kwanza mjini, kwenye duka moja linaloweka nyimbo kwenye simu na flashi. Vijana walikuwa na adabu, bei ndogo, na kesho yake kazi ilikuwa tayari. Nikarudi nyumbani, nikachomeka flashi kwenye redio, nikafungua wimbo niliokuwa nikiungoja kuliko yote: "Begin the Beguine" wa mpiga klarineti Artie Shaw, uliorekodiwa tarehe 24 Julai 1938. Bendi ilisikika kama inapiga ndani ya pipa la maji. Klarineti ilikuwepo, lakini haikuwa na pumzi. Ilikuwa laini, tambarare, bila mti ndani yake.

Nikachukua klarineti ya baba nipige pamoja na Shaw. Hapo moyo ulinikatika. Noti zake ziliangukia katikati ya noti zangu. Nikivuta barili, kile kipande cha juu kinachorefusha bomba, haifiki. Nikikaza midomo kwenye beki, pale pa kupulizia, haifiki. Wimbo wa mtu aliyejulikana kwa usafi wa sauti yake, na mimi nashindwa hata kukaa naye kwenye noti moja.

Niliporudi kuuliza, walinieleza bila kuficha. Mashine yao ina mwendo wa 33 na 45 tu. Walipiga santuri ya 78 kwa mwendo wa 45, halafu wakaiharakisha kwenye kompyuta mpaka ikasikika sawa kwao. Sindano ilikuwa ya LP. Mwishowe wakabonyeza kitufe cha kuondoa makelele. Siwachukii. Lakini ni vizuri mjue kilichotokea kwenye kitufe hicho, maana maduka mengi yanacho. Mkwaruzo wa santuri na pumzi ya klarineti ni majirani, wanakaa ghorofa moja, kule juu kwenye sauti nyembamba. Kompyuta ikiambiwa imfukuze mmoja, inawafukuza wote wawili. Tarumbeta itavumilia, ina nguvu zake. Klarineti haivumilii.

Aliyenielekeza Kamalondo ni mpiga tuba wetu kanisani. Ukitoka mjini kuelekea uwanja wa TP Mazembe, unaingia kwenye vichochoro vya nyumba za zamani za matofali, zile za wakati sehemu hii ilipoitwa Cité Albert. Barazani kuna meza moja ndefu, kitambaa cha kijani, mashine mbili za santuri, kompyuta, na betri mbili za gari chini ya meza. Hakuna kibao. Mzee mwenyewe anaitwa Papa na kila mtu pale, nami nitamwita hivyo.

Siku ya kwanza hakuzigusa santuri zangu. Alizitazama moja moja, amezishika kwa viganja pembeni kama mtu anayebeba sinia la mayai, akazielekeza kwenye mwanga wa mlangoni. Akaniuliza, "Mama mwalimu, zimepigwa na sindano gani hizi karibuni?" Nikamwambia sijui, nimetoka kuzipeleka mjini. Akatikisa kichwa. Alinionyesha sindano mbili chini ya kioo cha kukuzia. Ile ya santuri za 78 ni nene karibu mara tatu ya ile ya LP. Sindano nyembamba ikiwekwa kwenye mfereji mpana inakwenda kulala chini kabisa, kwenye vumbi na uchafu wa miaka 80, na kuta za mfereji, ambako ndiko muziki uliko, inazigusa kwa bahati tu. Ndiyo maana ile nakala ya kwanza ilikuwa na makelele mengi, na ndiyo maana vijana wakabonyeza kitufe. Kosa moja lilizaa jingine.

Kisha akasema, "Siyo leo. Leo umeme ni wa jenereta. Rudi alhamisi."

Nikiri kwamba nilikasirika kidogo, maana nilikuwa nimelipa teksi kwa ajili ya mzigo ule. Lakini alhamisi nilipokuja, umeme wa mji ukiwepo, alinionyesha sababu, na ni jambo ambalo nimewaeleza hata wanafunzi wangu darasani. Mota ya mashine yake inafuata mapigo ya umeme, mapigo 50 kwa sekunde. Umeme wa mji ukiwepo, mapigo hayo hayayumbi sana. Jenereta ikilemewa, yanashuka hadi 48, na mota inashuka nayo, na noti inashuka zaidi ya robo toni. Ana karatasi ya duara yenye mistari 77 imechapwa pembeni yake. Anaiweka juu ya santuri, anawasha taa ndogo ya neoni, anaizungusha. Taa hiyo inawaka na kuzima mara 100 kwa sekunde, haraka kuliko jicho linavyoweza kuona. Mwendo ukiwa sahihi, mistari inasimama tuli huku karatasi yenyewe ikizunguka. Niliinama kuitazama. Mistari ilisimama kana kwamba imechorwa kwenye meza. Alipobonyeza pembeni mwa sahani kwa kidole, ikaanza kutambaa nyuma.

"Sasa, kwenye jenereta," akasema, "mistari itasimama vilevile. Maana taa na mota zinakula umeme mmoja. Zinadanganya pamoja." Kwa hiyo hafanyi kazi kwa jenereta, basi. Umeme ukikatika katikati ya santuri, anainua sindano na anaanza upya siku nyingine. Betri zile chini ya meza ni za kompyuta peke yake.

Kuhusu kuosha niseme kwa ufupi, kwa kuwa hili mnaweza kuliharibu wenyewe nyumbani. Santuri za 78 zimetengenezwa kwa utomvu unaotolewa na wadudu, ukachanganywa na unga wa mawe. Spiriti huuyeyusha utomvu huo. Ukipangusa santuri ya 78 kwa spiriti, umepangusa muziki. Papa anatumia maji yaliyochemshwa na kupoa, tone moja la sabuni ya vyombo na brashi laini, anafuata mfereji kwa mduara, na karatasi ya katikati anaifunika asiilowanishe. Kila moja inakaa wima kwenye rafu ya waya mpaka ikauke yenyewe.

Alipomaliza ile ya Artie Shaw alinipa spika za masikioni. Nilikuwa nimekuja na klarineti kwenye mkoba, kwa sababu ya yale yaliyonipata, nikamwomba ruhusa nijaribu. Nikapiga noti moja, ndefu. Shaw alikuwa palepale, kwenye noti ileile. Sikuhitaji kuvuta barili hata unene wa karatasi.

Mkwaruzo ameuacha. Unausikia chini, sawasawa, kama mafuta ya kukaangia mbali jikoni, na baada ya nusu dakika sikio linaacha kuuhesabu. Juu yake klarineti imekuja yote. Wasiowahi kushika chombo hiki nawaomba wasikilize mambo mawili. La kwanza ni mti. Klarineti nzuri hutengenezwa kwa mpingo, mti wetu huu wa Afrika, unaovunwa hasa Tanzania na Msumbiji. Mti ule uliozama majini kwa uzito wake ulikwenda Ufaransa na kwingineko kutobolewa matundu, ukavuka bahari tena hadi Marekani, ukapigwa na mtu kama Shaw, na sauti yake ikaturudia ndani ya santuri. Baba alipenda kulisema hilo. Alikuwa akigonga klarineti kwa ukucha, anasema, "Huyu ni mtoto wa huku."

La pili ni ngazi. Saksafoni na filimbi, ukibadilisha ghorofa ya sauti kwa vidole vilevile, unapanda oktava moja, noti nane. Klarineti inapanda noti kumi na mbili. Kwa hiyo ni kama vyombo vitatu ndani ya bomba moja: chini sauti nene ya giza, ambayo Wafaransa wanaiita shalumo, juu sauti inayong'aa, na katikati, pale koo lake lilipo, noti chache dhaifu zenye sauti ya mtu mwenye mafua. Kupita katikati hapo bila msikilizaji kujua ni kazi ya miaka. Mimi nina miaka 30 kwenye fanfari na bado watu wa benchi la mbele wanajua nilipovuka. Shaw anavuka kama mtu anayepita mlango wa nyumba yake. Wimbo wenyewe, uliotungwa na Cole Porter mwaka 1935, una baa 108, yaani vipimo vya mapigo, wakati nyimbo za wakati ule zilizoea kuwa na 32, na Shaw anaushika mkono mmoja tangu mwanzo hadi mwisho bila kuupoteza. Kampuni ilidhani watu watanunua santuri ile kwa ajili ya wimbo wa upande wa pili, "Indian Love Call". Kumbe walinunua kwa ajili ya huu. Baada ya hapo Shaw hakutembea tena kwa amani barabarani. Mwaka 1954 aliiweka klarineti chini kabisa, akiwa na miaka 44, na akaishi hadi mwaka 2004 bila kurudi kwenye upigaji ule. Baba hakumsamehe kwa hilo. Mimi nikisikia nakala hii ya Papa naelewa kidogo kwa nini mtu anaweza kuogopa kupiga chini ya pale alipowahi kufika.

LP mbili ndizo zilizonipa mshangao mkubwa. Ni tamasha la Benny Goodman katika ukumbi wa Carnegie Hall, New York, tarehe 16 Januari 1938. Lilirekodiwa usiku ule, likakaa bila kutolewa, hadi mwaka 1950 lilipochapishwa. Nilifikiri kwa kuwa ni LP zitakuwa safi. Hazikuwa safi. Papa alinieleza kwamba makelele mengine yamo ndani ya tamasha lenyewe, yametoka kwenye sahani za kwanza zilizotumiwa usiku ule, hivyo hata LP mpya ingekuwa nayo. Aliondoa mivunjiko mitatu tu iliyofanywa na watoto wa kaka yangu. Yaliyobaki aliyaacha, na alifanya vema.

Goodman alizaliwa Chicago mwaka 1909, mtoto wa tisa kati ya kumi na wawili wa wahamiaji Wayahudi. Walipopelekwa sinagogi kujifunza muziki, kaka zake wakubwa walipewa vyombo vikubwa, na yeye kwa udogo wake akapewa klarineti. Baba alisimulia kisa hicho kila mara kwa sababu ndicho kilichompata yeye mwenyewe. Alikuwa mdogo kwa umbo, tuba ilimshinda, padri akamkabidhi klarineti.

Kama una saa moja tu, sikiliza "Sing, Sing, Sing" kwenye santuri ya pili. Wengi wanaijua kwa ngoma za Gene Krupa, na kweli, ngoma zile zikianza hata mama mkwe wangu aliacha kuchambua sombe akageuka. Lakini ngojeni. Wimbo unakwenda dakika kumi na mbili hivi. Bendi inawaka, tarumbeta zinapiga kelele, halafu vyote vinashuka, anabaki Goodman na ngoma peke yake. Anapanda. Kila mpigaji anajua kwamba noti za juu kabisa za klarineti ni rahisi kuzipiga kwa nguvu na ni taabu kuzipiga kwa upole. Midomo inataka kukaza, anshi, ule ulimi mwembamba wa tete kwenye beki, inataka kufunga. Yeye anapanda huku anapunguza sauti. Anafika kileleni kwa mnong'ono. Kwenye nakala iliyosafishwa kwa kitufe, mnong'ono ule usingekuwepo, ungehesabiwa kuwa makelele. Kwenye nakala ya Papa nilisikia hadi hewa inayopita pembeni ya anshi. Kisha anaingia Jess Stacy kwa piano, taratibu, bila mtu kumtarajia, na ukumbi mzima unanyamaza. Nilirudia sehemu hiyo mara nne pale barazani, na Papa hakuniharakisha.

Kwenye santuri hizohizo kuna vipande vya watu wanne: Goodman, Teddy Wilson kwenye piano, Lionel Hampton kwenye vibrafoni, Krupa kwenye ngoma. Wawili Weusi, wawili Weupe, jukwaa moja, mwaka 1938, katika nchi iliyowatenganisha hadi mlango wa kuingilia hotelini. Baba aliniwekea vipande hivyo nikiwa na miaka kumi na akaniambia nihesabu vyombo. Nikasema vinne. Akasema, "Sasa niambie yupi ni mkubwa." Sikuweza.

Santuri za 78 baba alizipata Julai 1960. Familia nyingi za Wabelgiji zilivuka mpaka kwenda Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, wiki zile, na mjomba wake, aliyekuwa mpishi kwa mmoja wao, aliachiwa sanduku lililokuwa zito mno kwa gari. Baba alikuwa na miaka 19. Novemba ya mwaka huohuo mpiga tarumbeta Louis Armstrong alikuja hapa, Élisabethville kama Lubumbashi ilivyoitwa wakati ule, katika ziara yake ya Afrika. Watu wa umri wa baba walisimulia tarumbeta hadi walipokufa. Baba alisimulia mtu wa pembeni. Mpiga klarineti wa Armstrong katika ziara ile alikuwa Barney Bigard, mzaliwa wa New Orleans, aliyekaa na Duke Ellington tangu mwaka 1927 hadi 1942. Kwenye sanduku la mjomba mlikuwa na santuri ya Ellington, Bigard yumo ndani yake, na sasa Bigard yuko mbele ya macho yake akipangusa beki kwa kitambaa. Baba alisema vidole vya Bigard vilikaa tofauti na alivyofundishwa na padri. Nilikuja kujua baadaye kwamba Bigard alitumia klarineti ya mfumo wa Albert, mpangilio wa zamani wa matundu na vitufe, wakati shule nyingi zilikuwa zimeshahamia mfumo wa Boehm. Baba aliliona hilo kutoka mbali, usiku, akiwa na miaka 19.

Watu hudhani muziki huu ni wa mbali na wetu. Nendeni mkasikilize OK Jazz ya mwanzo kabisa, ya mwaka 1956, na Jean Serge Essous, mmoja wa waanzilishi wake, aliyepiga klarineti pamoja na saksafoni. Jina lenyewe la bendi linawaambia walikuwa wakisikiliza nini.

Nimesema mengi kuhusu muziki, nirudi kwenye huduma.

Bei ni dola 3 kwa santuri ya 78, pande zote mbili, na dola 6 kwa LP. Mjini nililipa nusu yake. Analipwa taslimu au kwa simu. Risiti hatoi, ila anaandika kwenye daftari na unatia sahihi, na hakuna santuri yangu iliyorudi na mkwaruzo mpya. Flashi ulete yako.

Muda ndio tatizo. Kazi yangu ilichukua wiki tano. Sehemu ni umeme, sehemu ni yeye mwenyewe, kwa sababu hapigi santuri mpya mpaka awe amesikiliza ya jana kwa masikio mapya. Mwenye haraka ya harusi au msiba asitegemee. Pia alinipa faili zisizo na majina, namba tu, na kuna mbili zilizobadilishana nafasi. "Moonlight Serenade" ya Glenn Miller ilikuwa pale nilipotarajia Woody Herman. Mimi nilitambua mara moja, kwa kuwa Miller aliipa klarineti kazi ya kuongoza saksafoni, wimbo uko juu kwa klarineti na oktava moja chini kwa saksafoni ya tena, na sauti hiyo huwezi kuikosea na nyingine yoyote. Lakini mtu mwingine angepotea. Nilimwomba, akaandika majina yote upya kwa mkono wake kwenye karatasi, akaniachia mimi kazi ya kuyaingiza. Ningependa amchukue kijana wa kumsaidia upande huo. Nimemwambia. Amesema atafikiri.

Siku ya mechi uwanjani usiende. Kelele haziingii kwenye nakala, kwani sindano haisikii mtaa, ila yeye mwenyewe hasikii kitu na hafanyi kazi. Na kiti cha mgeni kipo jua la mchana; ufike kabla ya saa nne asubuhi.

Imebaki ile moja. Ni "Mood Indigo" ya Ellington, ya mwaka 1930, ile iliyokuwa ndani ya sanduku, yenye Bigard. Ndiyo baba aliyoipiga kuliko zote na ndiyo iliyopasuka, ufa kutoka ukingoni hadi karibu na karatasi ya katikati. Haijaachana, lakini kila mzunguko sindano inaruka ufa na kugonga. Kwa kawaida katika bendi klarineti huwekwa juu, tromboni chini. Ellington aligeuza: tromboni iliyozibwa ikapanda, tarumbeta iliyozibwa ikakaa nayo, na klarineti ikashushwa chini kabisa, kwenye shalumo. Vinapiga pamoja polepole, na sikio linashindwa kujua kipi ni kipi. Chini pale, kwenye sauti laini kuliko zote za santuri zote tisa, ndiko kuna mgongano wa sindano na ufa, tak, tak, tak.

Nilimuuliza Papa kama kuna kitufe. Akasema kipo, na kitakula klarineti pamoja na ufa. Akachukua kalamu tukapiga hesabu: mizunguko 78 kwa dakika, dakika tatu, migongano 234. Akasema ataitoa mmoja mmoja kwa mkono, akikuza mchoro wa sauti kwenye kompyuta mpaka aone kila mgongano ulipo, akate huo tu, aache yote yaliyo pembeni yake. Nikamwambia nitalipa zaidi. Akasema bei ni dola 3.

Amenipigia simu jana usiku. Umeme ulikuwepo tangu jumatatu, amefika mgongano wa 141. Akaweka simu karibu na spika, nikasikia dakika moja na nusu ya mwanzo nikiwa nimesimama jikoni na mwiko wa bukari mkononi, na Bigard alikuwa chini kule, peke yake, bila kitu cha kumgonga.